Kabla ya Kuambiwa "Utazoea"

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, na miwani amevaa tangu akiwa msichana. Siku alipochukua miwani yake mpya alitoka dukani amemshika mjukuu wake mkono, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Vidato vitatu vya mlangoni, alisema, vilimjia juu utadhani vimeinuka vyenyewe. Akarudi ndani kueleza. Kijana aliyemhudumia akamsikiliza kwa adabu, akaifuta miwani kwa kitambaa, akamrudishia. "Mama, ni kwa sababu ni mpya. Utazoea." Akapewa wiki mbili. Zikapita wiki mbili, ukapita mwezi wa pili na wa tatu, kichwa kikimgonga kila ikikaribia saa sita mchana. Siku moja akaivua, akaiweka kwenye droo ya kabati la vyombo, akairudia ile ya zamani yenye mikwaruzo.

Nitarudi kwake. Kwanza hilo neno. "Utazoea" ni jibu la kweli kwa watu wengi wanaoanza miwani mpya, na anayelitamka kwa kawaida hana nia mbaya. Shida ni kwamba linatolewa kabla ya kupimwa chochote, wakati mahali pake ni mwisho, baada ya fremu kukaguliwa, lenzi kusomwa upya na mteja kuulizwa maswali matano sita. Likitangulia linafunika makosa ambayo hayazoeleki hata miwani ikivaliwa mwaka mzima.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuilika au ambalo bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao wanahitaji miwani tu. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kupanua huduma ya miwani ifikapo 2030, na kipimo kilichochaguliwa kinagusa mada yetu moja kwa moja: hatoshi mtu aliyepewa miwani, anahesabiwa yule anayeona vizuri akiwa ameivaa. Kwa hesabu hiyo, miwani iliyolala kwenye droo ni sawa na miwani ambayo haikutengenezwa.

Upo upotofu wa picha ambao ni halali, yaani unaletwa na lenzi iliyo sahihi kabisa. Lenzi ya hasi, ya mtu asiyeona mbali, hupunguza vitu na kuvifanya vionekane viko mbali zaidi. Ya chanya huvikuza na kuvisogeza. Kadiri unavyoondoka katikati ya lenzi, badiliko hilo halibaki sawasawa. Ndiyo maana mlango ukitazamwa kwa pembeni ya lenzi kali ya hasi hutuna kama pipa, na kwa lenzi kali ya chanya hubana katikati kama kiuno cha kinu.

Astigmatizimu huleta jambo jingine. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huwa imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko ukilinganishwa na mpira. Lenzi ya kurekebisha hali hiyo hukuza upande mmoja kuliko mwingine. Mhimili wake ukiwa wima au mlalo, watu huonekana wamerefuka au wamenenepa kidogo, basi. Ukiwa wa mshazari, mraba wa kigae cha sakafu huonekana umesukumwa bega. Na macho mawili yanapopeleka picha zilizosukumwa pande tofauti, ubongo huisoma tofauti ile kama kina: sakafu inainama, meza inateremka upande mmoja, anayetembea anajiona amerefuka ghafla na ardhi iko chini sana. Kuna jaribio la sekunde moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Funika jicho moja. Sakafu ikinyooka papo hapo, na kila jicho peke yake likiona kwa ukali, basi tatizo limo katika kuunganisha picha mbili, na hilo mara nyingi ubongo hulimaliza wenyewe.

Uwezo wa ubongo katika hili unastaajabisha. Katika miaka ya 1890, kwenye Chuo Kikuu cha California, mwanasaikolojia George Stratton alivaa kifaa cha lenzi kilichomgeuzia dunia juu chini, jicho la pili akaliziba. Jaribio lake la pili lilichukua siku nane. Mwanzoni kila alipounyosha mkono ulikwenda siko. Siku zilivyosonga akawa anatembea na kushika vitu bila taabu kubwa, na alipokivua, mazingira aliyoyajua maisha yake yote yakamchanganya kwa saa kadhaa. Lakini Stratton hakukivua akachanganya na macho ya kawaida. Hata usiku alijifunga kitambaa. Anayevaa miwani mpya kazini kisha jioni akarudia ya zamani huanza darasa la kwanza kila asubuhi. Kwa badiliko la kawaida, siku chache hadi wiki mbili za kuvaa mfululizo zinatosha, na siku za mwanzo ni vyema kuacha usukani wa gari au pikipiki na kushika ukingo wa ngazi.

Ubongo lakini hauna cha kufanya na picha iliyofifia kwa sababu nguvu ya lenzi si yako. Wala hauwezi kuyatuliza macho yanayovutwa kila moja upande wake. Hapo tunaingia karakana, na huko ndiko lawama nyingi za mteja zinakopata ukweli wake.

Kila lenzi ina kitovu, yaani nukta ambayo mwanga hupita bila kupindishwa. Kitovu hicho kinatakiwa kukaa mbele ya mboni. Kikikaa kando, jicho linatazama kupitia sehemu inayofanya kazi ya prizimu, yenye upande mnene na upande mwembamba, na picha inahama. Kanuni ya kupima kuhama huko ina jina la Charles Prentice, mtaalamu wa lenzi wa Marekani wa karne ya 19: zidisha nguvu ya lenzi kwa sentimita ambazo kitovu kimepotoka, utapata dioptri za prizimu. Dioptri moja ya prizimu huhamisha picha sentimita moja kwa kila mita moja ya umbali.

Chukua watu wawili wenye umbali wa mboni wa milimita 60, wote wametengenezewa miwani yenye vitovu vilivyoachana milimita 66. Kila lenzi imekosea milimita tatu. Wa kwanza ana namba, yaani nguvu ya lenzi, ya -1.00: kila jicho limepata prizimu ya 0.3, jumla 0.6, na huenda asigundue chochote maishani. Wa pili ana -6.00: kila jicho limepata 1.8, jumla 3.6. Lenzi ya hasi ni nene ukingoni, kwa hiyo huyu wa pili anatazama kupitia upande mnene ulio karibu na pua, na ili asione vitu viwili viwili macho yake lazima yatanuke kuelekea nje zaidi ya yalivyozoea. Misuli ya macho ni hodari wa kuyavuta kuelekea puani, tunafanya hivyo kila tunaposoma. Kuyatanua nje ni kazi ngumu. Mtu wa namna hii atalalamika zaidi akitazama mbali, barabarani au kwenye televisheni, na kitabu kitampa nafuu.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu hesabu hii inafuta hoja moja ninayoisikia sana: "Mbona wateja wengine wanaridhika na kipimo chetu?" Wanaridhika kwa sababu namba zao ni ndogo. Uzembe uleule wa rula ambao mmoja hauhisi kabisa unamuumiza mwenzake, na anayeumia anaonekana msumbufu.

Kwa juu na chini uvumilivu ni mdogo zaidi. Macho mengi hayawezi kuunganisha picha zilizoachana wima kwa zaidi ya dioptri mbili au tatu za prizimu. Lenzi mbili za -6.00, moja kitovu chake kikikaa milimita tatu juu ya mwenzake, tayari zimeleta 1.8. Mteja atasema mistari ya gazeti inapandana, au atainamisha kichwa upande mmoja bila kujijua. Wakati mwingine lenzi hazina kosa lolote, fremu ndiyo imekaa mshazari kwa sababu sikio moja liko juu kidogo ya jingine.

Basi fremu iangaliwe kwanza, kabla ya mashine yoyote. Kuirekebisha huchukua dakika chache na hakugharimu kitu. Je, imekaa sawa usoni? Iko mbali kiasi gani na jicho? Kwa kawaida huwa milimita 12 hadi 14. Lenzi ya -10.00 ikiteleza milimita 5 kuelekea ncha ya pua, jicho linapata kama -9.50 tu, na mwenye nayo atakuwa anaisukuma kwa kidole siku nzima. Fremu nyingi zinazouzwa kwetu zimebuniwa kwa pua nyembamba yenye daraja lililoinuka. Zikikaa kwenye pua pana zinashuka, zinaegemea mashavu, na mtu akicheka miwani nzima inainuka na picha inaruka. Jasho la mchana linamalizia kazi. Muuzaji anayejali angemkataza mteja fremu hiyo kabla ya kumkatia lenzi, hata kama ndiyo aliyoipenda.

Ukubwa wa fremu una hila nyingine. Lenzi ghafi hufika karakana ikiwa duara lenye kipenyo maalumu, tuseme milimita 65 au 70. Fremu ikiwa pana na macho ya mteja yako karibu, kitovu lazima kisogezwe sana kuelekea puani, na hapo lenzi ghafi haitoshi kujaza upande wa sikio. Njia ya haki ni kuagiza lenzi yenye kipenyo kikubwa zaidi au kumshauri mteja abadili fremu. Njia ya mkato ni kukiacha kitovu kiende nje ili lenzi ienee.

Kwa mwenye astigmatizimu, mhimili ndio wa kutazamwa. Lenzi ikizungushwa nyuzi 5 tu kutoka mahali pake, takribani asilimia 17 ya kosa la jicho hubaki bila kurekebishwa. Nyuzi 10, theluthi moja. Na nyuzi 30, mtu hubaki na kosa kubwa kama alilokuwa nalo kabla ya kuvaa chochote, ila limeelekea upande mwingine. Fremu za duara ni za kuangaliwa hapa, maana skrubu ikilegea lenzi inaweza kuzunguka ndani yake bila kuonyesha dalili. Mteja anayekuambia "nikiinamisha miwani hivi kwa mkono naona vizuri zaidi" anakupa jibu lote. Apimiwe mhimili upya. Makosa mengine huzaliwa kwenye karatasi. Cheti cha macho kilichoandikwa -2.00 na +1.00 katika mhimili wa 90 ni lenzi ileile ya -1.00 na -1.00 katika 180. Wataalamu wengine huandika kwa mtindo wa kwanza, wengine kwa wa pili, na anayenakili akigeuza alama akasahau kugeuza mhimili anatengeneza miwani ya mtu ambaye hayupo. Lenzi za kulia na kushoto kubadilishana nako hutokea, zaidi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kuna malalamiko yanayowashangaza hata mafundi wazuri. Namba hazikubadilika, vipimo viko sawa, bado mteja anasema dunia imepinda. Muulize kuhusu miwani ya zamani na uipime pia. Mpindo wa uso wa lenzi ukibadilika, ukubwa wa picha hubadilika ingawa nguvu ni ileile. Aina ya plastiki nayo ina uzito wake. Jinsi lenzi inavyoutawanya mwanga kuwa rangi hupimwa kwa namba yenye jina la Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, na namba ikiwa kubwa rangi hutawanyika kidogo. Plastiki ya kawaida iitwayo CR-39 ina kama 58. Polikaboneti, ngumu na nzuri kwa watoto na mafundi wa vyuma, ina 30. Lenzi nyembamba sana zinazouzwa kwa bei ya juu nazo ziko kwenye thelathini na kitu. Aliyehamishwa kutoka ya kwanza kwenda hizo ataona ukingo wa buluu na wa machungwa kwenye taa za barabarani anapotazama kwa pembeni. Tatizo hilo halina dawa zaidi ya kubadili plastiki au kuchagua fremu ndogo, na mteja alistahili kuambiwa kabla ya kulipa. Lenzi iliyobanwa mno kwenye fremu ya chuma hujikunja kidogo. Kulegeza skrubu kunaweza kuiponya. Iliyoachwa juu ya dashibodi gari likiwa juani huanza kupasuka utando wa juu, na mwenye nayo atafikiri macho yamezeeka.

Lenzi za progresivu, zenye sehemu ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini, zinahitaji ukweli wa peke yake. Lenzi ya kwanza ya namna hiyo iliyofanikiwa sokoni, Varilux ya Bernard Maitenaz, ilitoka Ufaransa mwaka 1959. Miaka minne baadaye mwanahisabati Mjerumani Günter Minkwitz alionyesha kuwa nguvu inapoongezeka kushuka kwenye njia ya katikati, upotofu wa pembeni hukua kwa kasi maradufu. Hakuna kiwanda kinachoweza kuufuta. Kinaweza kuusambaza au kuusukuma mahali pengine tu. Fremu fupi ya mtindo hulazimisha njia fupi, na njia fupi huleta pembeni kali zaidi. Kwa hiyo anayesema "nikigeuza macho kila kitu kinaogelea" anaeleza tabia ya lenzi yenyewe, na afundishwe kugeuza kichwa badala ya macho, na kuinamisha kidevu anaposhuka ngazi ili asitazame vidato kupitia sehemu ya kusomea. Ila anayeinua kidevu juu ili asome, huenda lenzi yake imewekwa chini mno. Anayeshusha kidevu ili aone mbali, imewekwa juu mno. Kwenye kila lenzi ya aina hii pana alama mbili zilizochongwa, ndogo sana, zilizoachana milimita 34. Ukiielekeza kwenye mwanga utaziona, na kutoka hapo mtaalamu anaweza kuchora upya msalaba unaotakiwa kukaa mbele ya mboni. Kama haukai hapo, wiki mbili za kuzoea hazitausogeza.

Inabaki kipimo chenyewe cha macho. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kupima macho ni mahali pa kuanzia. Jicho la kijana hujikaza linapotazama ndani ya mashine na kuonyesha hasi kubwa kuliko iliyopo, kwa hiyo miwani iliyokatwa moja kwa moja kutoka kwenye karatasi ile itamchosha. Lazima aulizwe kwa mdomo, lenzi kwa lenzi. Baada ya hapo avishwe fremu ya majaribio, atembezwe ukumbini na kwenye ngazi kabla ya kutoa fedha. Mtu wa miaka hamsini anayeanza lenzi kali ya mshazari kwa mara ya kwanza mara nyingi atafaidika na nguvu pungufu kidogo ambayo ataivaa, kuliko nguvu kamili ambayo ataiweka kwenye droo.

Sukari ya mwilini hubadili namba za macho. Ikipanda, kwa kawaida mtu huanza kutoona mbali. Akianza dawa na sukari ikashuka haraka, macho huelekea upande wa pili kwa wiki kadhaa. Miwani iliyopimwa katika kipindi hicho itaonekana mbovu mwezi ujao, na fundi hana kosa. Mwenye namba zilizoruka ghafla aulizwe kuhusu kisukari kabla ya kuulizwa kuhusu fremu. Mtoto wa jicho anayeanza katikati ya lenzi ya asili naye huongeza hasi. Kijana anayefikicha macho kwa mzio, ambaye kila mwaka mhimili wake umehama, anahitaji konea yake ichunguzwe, maana inaweza kuwa inachongoka kama pia.

Halafu kuna upotofu ambao haupaswi kungojewa hata siku moja. Vua miwani mpya, vaa ya zamani, funika jicho moja kisha jingine, tazama fremu ya dirisha au karatasi ya hesabu yenye miraba. Mistari ikiwa imepinda au kuvunjika kwa jicho moja tu, kwa miwani zote mbili, tatizo halimo kwenye miwani. Marc Amsler wa Uswisi alibuni mchoro wa miraba kwa ajili ya jambo hilihili: kugundua ugonjwa wa sehemu ya katikati ya retina, ile tunayosomea. Mwenye hali hiyo, au anayeona miale ya ghafla, vitone vyeusi vingi vinavyoelea au kama pazia linashuka, aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Mtu wa namna hii akiambiwa "utazoea" anaweza kupoteza jicho.

Shangazi hakuwa na lolote kati ya hayo. Nilipomsikiliza vizuri nilikumbuka alivyosema: kusoma Biblia kwa ile miwani hakukumsumbua, ila kanisani, akitazama mimbari, kichwa kilianza. Fremu aliyoichagua safari ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuvaa, zawadi ya binti yake. Tuliipeleka kwa fundi mwingine. Akaiweka kwenye lensomita, mashine ya kusoma nguvu ya lenzi, akagonga nukta ya wino kwenye kila kitovu, akaweka rula juu yake. Milimita 66. Akamgeukia shangazi, akafumba jicho moja, akapima mboni zake, kila upande peke yake kuanzia katikati ya pua. Ishirini na tisa na nusu, thelathini na nusu. Namba yake ni -6.00 macho yote mawili.

Alimtengenezea lenzi mpya katika fremu ndogo zaidi. Siku ya kuichukua, shangazi alisimama mlangoni, akaviangalia vidato kwa muda mrefu, kisha akamwambia mjukuu atangulie.